Kuvunja mgongo mwenyewe au kumlipa mtaalamu? Jibu kwa dereva wa tuktuk wa Malindi

Swali: "Assalaam alaikum daktari. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, nina miaka 36, na huu ni mwaka wa saba barabarani. Kwa siku nakaa kwenye usukani saa kumi, wakati mwingine kumi na mbili. Mgongo hukaza kiunoni na katikati ya mabega, basi kila nikifika steji najipinda kushoto na kulia mpaka ulie, na hapo napata nafuu. Siku mbaya naweza kufanya hivyo mara ishirini. Shingo hunivunja kinyozi nikienda kunyoa, na jioni mwanangu wa miaka 9 hunipanda mgongoni akatembea. Mke wangu asema nitakuja kupooza. Mwenzangu wa steji naye ameona video za makairopraktiki, wale wataalamu wa kuvunja mgongo kwa mikono, aniambia nikusanye pesa niende Nairobi nikavunjwe mara moja niwe sawa. Je, najiumiza? Na huyo wa Nairobi atanifanyia nini nisichoweza kujifanyia? Mtoto pia ameanza kualisha vidole, yaani kuviliza, kutwa kucha. Nimkataze?"

Jibu: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Nianze na linalomkosesha mkeo usingizi: mlio wa mgongo haumpoozeshi mtu. Mtu wa umri wako, asiye na ugonjwa mwingine, anayejipinda taratibu mpaka mgongo ulie, hajiingizi kwenye hatari ya kutisha. Lakini umeuliza kwa pamoja mambo matatu ambayo hatari zake hazilingani. Kujipinda mwenyewe tutalizungumza kwa utulivu. Kupandwa mgongoni, liache. Kinyozi kukuvunja shingo, hilo liache leo hii, na nitaeleza kwa nini kabla hatujafika kwa huyo wa Nairobi.

Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Mbele, kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani mto wa kupunguza mshtuko. Nyuma, kila pingili hushikana na mwenzake kwa viungo viwili vidogo, kimoja kulia na kimoja kushoto, na hivi ndivyo vinavyolia. Kila kiungo kimefungwa ndani ya kifuko chenye ute wa kulainisha, na kwenye ute huo mna gesi iliyoyeyuka. Ukijipinda, nyuso mbili za kiungo huachana ghafla, shinikizo ndani ya kifuko hushuka, na gesi hujikusanya ikawa povu, kama inavyotokea kwenye chupa ya soda ukifungua kizibo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, wakaliona povu likizaliwa pale pale mlio ulipotoka. Wapo wanasayansi wanaoshikilia kuwa mlio ni wa povu kuporomoka na si kuzaliwa, lakini pande zote mbili zinakubaliana kwamba ni gesi. Hakuna mifupa iliyosagana, wala pingili iliyorudi mahali pake. Gesi hiyo huchukua kama dakika 20 kuyeyuka tena, ndiyo maana kiungo kikishalia hakilii mara ya pili papo hapo hata ujipinde vipi.

Basi nafuu hutoka wapi? Kifuko cha kiungo na misuli iliyokizunguka vina neva nyingi zinazohisi kuvutwa. Zikivutwa ghafla hupeleka ujumbe kwenye ugwe mgongo, ile kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo, na kwa muda misuli iliyokaza hulegea na makali ya maumivu hupungua. Nafuu hiyo ni ya kweli, usikubali mtu akwambie unajidanganya. Ila ni fupi. Baada ya muda mgongo unakaza tena kwa sababu umerudi pale pale kitini, mabega yamejikunja, mikono imenyooka mbele, na tairi la mbele linakuletea kila shimo la Muyeye na Kisumu Ndogo. Hizo mara ishirini kwa siku hazinitii hofu juu ya viungo vyako. Zinanionyesha tu kwamba chanzo hakijaguswa.

Sasa tazama nguvu inakwenda wapi unapojipinda. Pingili 5 za kiuno, zote kwa pamoja, huzunguka nyuzi (digrii) chache sana, hazizidi 10 hivi kila upande, kwa kuwa viungo vyake vidogo vimesimama wima na kuuzuia mzunguko. Kazi ya kugeuka ni ya kifua, ambacho huweza kuzunguka nyuzi 30 na zaidi. Na kwa dereva, kifua ndicho kinachoganda, maana kimejikunja kutwa. Ukikamata ukingo wa kiti na kujizungusha kwa nguvu, sehemu iliyoganda haisogei sana. Nguvu hupitia panapolegea, mara nyingi pale kifua kinapokutana na kiuno. Kwa hiyo kile kinacholia kila siku huwa ni kiungo ambacho tayari kinacheza vizuri, na kilichokaza kinabaki kimekaza.

Linaloumiza zaidi ni vitu vitatu vikikutana: kukaa, kuinama mbele, na kujizungusha kwa mshtuko. Ukikaa umeinama, diski za kiuno zimebanwa upande wa mbele na kusukumwa upande wa nyuma. Ongeza mzunguko wa ghafla, na nyuzi za ukuta wa diski zinavutika kupita kiasi. Zikichanika, kiini cha diski huweza kutokeza kikagusa neva iendayo mguuni. Hapo utasikia maumivu yakishuka kutoka makalioni, nyuma ya paja, hadi chini ya goti, au ganzi ya unyayo, au kidole gumba cha mguu kikakataa kuinuka. Basi kama hamu imekushika na huwezi kuizuia, shuka kwenye tuktuk kwanza. Simama wima, miguu upana wa mabega, mikono umeikunja kifuani, geuka polepole mpaka mwili wenyewe ukatae, vuta pumzi moja, rudi. Mgongo ukilia, sawa. Usipolia, usiulazimishe.

Mtoto wa miaka 9 ana uzito wa kilo 25 hadi 30, na anapotembea uzito huo wote hushuka kwenye kisigino kimoja. Kisigino kikitua kwenye nyama hakina neno. Kikitua juu ya ncha ya pingili, au kwenye mbavu mbili za mwisho ambazo mbele hazikushikwa na kitu, unaweza kupata ufa. Mtoto hahisi anakanyaga wapi, na wewe umelala kifudifudi huwezi kujikinga akiteleza. Tena anakua: mazoea yanabaki yale yale, kilo zinaongezeka. Chukua mpira wa tenisi, uweke kati ya mgongo na ukuta, kando ya uti wa mgongo na si juu yake, ujiegemeze, na uusogeze polepole kwenye misuli iliyokaza dakika 2 kila upande. Utapata kile ulichokuwa unakitafuta kwa miguu ya mtoto.

Shingo ni habari nyingine kabisa. Mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo hupanda shingoni ikipenya matundu ya pingili zenyewe, kuanzia ya sita hadi ya kwanza, kisha hukata kona kali kabla ya kuingia kwenye fuvu. Kichwa kikizungushwa kwa kishindo, hasa kikiwa kimeinuliwa nyuma, ukuta wa ndani wa mshipa huweza kuchanika. Damu huganda pale penye mchaniko, bonge likasafiri, mtu akapata kiharusi. Ni tukio adimu, lakini huwapata hata vijana, na hakuna njia ya kumjua mapema atakayepatwa. Kinachonisumbua zaidi ni hiki: mchaniko unaoanza wenyewe huja na maumivu ya shingo na ya kisogo, na maumivu hayo ndiyo yanayomfanya mtu amwombe kinyozi amvunje shingo. Kinyozi hana namna ya kutofautisha. Mwambie kabla hajaanza: kichwa na mabega achue apendavyo, shingo asiizungushe. Na ikitokea kwa mtu yeyote, baada ya shingo kuguswa au bila kuguswa, maumivu mapya makali ya shingo au kichwa yakaandamana na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, kumeza kwa shida, ganzi ya uso, kope moja kuanguka au kuyumba akitembea, huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Asichuliwe, asilazwe kungoja asubuhi.

Tuje kwa kairopraktiki. Fani hii ilianzishwa na D. D. Palmer mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895. Palmer aliamini kwamba magonjwa mengi hutokana na pingili zilizohama na kubana neva, na kwamba zikirudishwa mwili hujiponya. Imani hiyo haikuthibitishwa. Wengi wa fani hiyo leo wameiacha na hushughulika na maumivu ya mgongo, shingo na viungo tu. Wengine bado wameishikilia, na utawatambua kwa maneno yao. Pingili iliyohama kweli kweli ni jeraha la mtu aliyeanguka mnazini au aliyegongwa na gari, na tiba yake ni ya hospitali, haitoki mezani kwa msukumo wa mikono.

Atakufanyia nini usichoweza? Kwanza, atakuuliza na kukupima kabla ya kukugusa, na hapo ndipo thamani yake kubwa ilipo. Pili, wewe unapojipinda, misuli ile ile unayotaka ilegee ndiyo inayofanya kazi ya kukupinda. Ukilala ubavu mezani na mtu mwingine akatoa nguvu, misuli yako inaweza kupumzika, na msukumo mfupi wa haraka hufika kwenye kiungo bila kukizungusha mbali. Hata hivyo usidhani anakipata kiungo anachokitaka kila mara. Watafiti waliobandika vihisio vya mlio mgongoni mwa wagonjwa waligundua kwamba kiunoni mara nyingi kilicholia kilikuwa kiungo cha jirani. Tena imeonekana kwamba waliotibiwa pasipo mlio hupata nafuu sawa na wale ambao mgongo wao ulilia. Video unazoonyeshwa na mwenzako zimefungwa kipaza sauti kwenye ngozi, na zimechaguliwa kwa ukubwa wa mlio. Hazikuonyeshi mgonjwa yule alikuwaje baada ya miezi mitatu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeitaja tiba hii ya kusukuma pingili kwa mikono kuwa miongoni mwa zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi, elimu na kuchuliwa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unaikubali kwa sharti iandamane na mazoezi, isitolewe peke yake. Faida yake ni ya wastani, karibu sawa na ya tiba nyingine zinazopendekezwa. Karibu nusu ya wanaovunjwa husikia maumivu ya misuli siku moja au mbili, kisha yakaisha. Hakuna mahali palipoonyeshwa kwamba mtu huvunjwa mara moja akawa sawa maisha.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba usiende Nairobi kwa ajili ya hili. Ni kama kilomita 600 kwenda na 600 kurudi, saa nyingi za basi umekaa mkao ule ule unaokuumiza, nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea, kwa ajili ya nafuu ambayo mwenyewe umeona muda wake. Makairopraktiki ni wachache nchini na wengi wako Nairobi. Mtaalamu wa fiziotherapia yupo karibu nawe zaidi, hospitali kubwa za serikali za Malindi na Kilifi zikiwemo. Yeye pia hupima, wengi wao hulegeza viungo kwa mikono, na juu ya hayo atakupa mazoezi na kuyafuatilia. Fani hiyo Kenya ina baraza lake lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, basi muombe namba yake ya usajili bila aibu, hasa ukimwendea kliniki ya binafsi.

Ikiwa hata hivyo utakwenda kwa kairopraktiki, iwe huko Nairobi au akija karibu, zingatia mwenendo wake. Anayekushika kabla hajakuuliza kuhusu kuanguka, homa, kukonda, dawa unazotumia na mkojo, ondoka. Anayetaka ulipie vikao 20 au 30 mapema, ondoka. Anayempiga picha ya eksirei kila anayeingia, au anayesema atatibu pumu, kisukari na presha kupitia mgongo, ondoka. Mwambie wazi kwamba shingo hutaki isukumwe. Aliye mstaarabu ataheshimu. Baada ya vikao 4 hadi 6, kama hakuna tofauti katika muda unaoweza kukaa, kuinama au kulala, tiba hiyo si yako.

Kuna watu ambao mgongo wao hausukumwi na mtu yeyote, awe kairopraktiki, mchuaji au rafiki, mpaka daktari aseme. Hapa sitaki ulegee, kwa sababu pwani yetu ina magonjwa yanayojificha mgongoni. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Hushika pingili na kuzila taratibu, na dalili zake ni maumivu yasiyopungua hata ukilala, jasho la usiku, homa za jioni, kukonda, na baadaye nundu inayochomoza katikati ya mgongo. Bruselosi, inayopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa, huleta maumivu ya kiuno na homa za kuja na kuondoka. Mwenye selimundu (sickle cell) huweza kupata maumivu ya mgongo ambayo ni ya mifupa kukosa damu. Ongeza wenye historia ya saratani, hasa ya matiti au tezi dume, waliotumia dawa ya prednisoloni kwa muda mrefu, wanaotumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, wazee wenye mifupa iliyopungua uimara, na yeyote aliyeanguka siku za karibuni.

Na yako maumivu ya ubavuni yanayokuja kwa mawimbi, pamoja na mkojo kuchoma au kuwa na damu, ambayo ni ya figo. Wewe dereva unayekwepa maji ili usitafute choo, kwenye joto hili la Malindi, uko kwenye njia ya kupata vijiwe. Kunywa, na uwe na mahali pako panapojulikana pa kujisaidia.

Dalili moja ningependa kila nyumba iijue. Mtu mwenye maumivu ya kiuno akipata ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko la baiskeli, yaani katikati ya mapaja na kuzunguka haja kubwa, au mkojo ukakataa kutoka, au ukatoka bila habari, au miguu yote miwili ikawa dhaifu, neva za mwisho wa ugwe mgongo zimebanwa. Upasuaji unatakiwa haraka, ikiwezekana ndani ya saa 48. Kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa mkojo na nguvu za kiume kurudi. Wanaume huona haya kuyataja haya mbele ya nesi wa kike, yataje.

Kama hayo yote huna, na kwa maelezo yako sidhani unayo, kazi inaanza kwenye tuktuk. Kaa makalio yafike mwisho wa kiti. Kunja taulo iwe mviringo wa unene wa sentimita 8 hadi 10, ifunge kwa mpira kwenye egemeo usawa wa mshipi wa suruali, ili ijaze uwazi wa kiuno. Nyonga ziwe juu kidogo kuliko magoti. Kama kiti kimebonyea katikati, weka mto mgumu. Viwiko vikae vimekunjika kidogo. Mikono ikinyooka kabisa, mabega huvutwa mbele na kifua hujikunja. Pochi itoke mfuko wa nyuma, maana inakuinamisha upande mmoja kutwa. Angalia upepo wa matairi na shokamzoba: tairi lililojazwa kupita kiasi na shokamzoba iliyokufa hupeleka mtikisiko wote kwenye kiuno, na mtikisiko wenyewe ni sababu inayojulikana ya maumivu kwa madereva.

Steji ndipo unapopoteza nafasi yako. Wengi wenu abiria akishashuka mnabaki mmekaa, simu mkononi, shingo imeinama. Shuka kila dakika 45, hata ikiwa ni dakika 2. Simama, viganja kiunoni nyuma, jinyooshe kwenda nyuma polepole mara 5 ukitoa pumzi. Hili ndilo liwe badala ya kujipinda. Kila hamu ikija, fanya hili kwanza. Siku za mwanzo utahisi hujakata kiu. Jipe muda wa wiki mbili.

Asubuhi nako kuna jambo. Usiku diski hunywa maji na kuvimba, kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuamka huwa zimejaa na hazipendi kuinamiwa. Na saa hiyo ndiyo mnayoinama kuosha tuktuk. Tumia brashi ya mpini mrefu, piga goti moja kwa sehemu za chini, au osha jioni. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za mkono mmoja. Beba mawili ya lita 10, moja kila upande. Mzigo wa abiria uvute karibu na kifua kabla hujainuka, na geuka kwa miguu, si kwa kiuno.

Mazoezi, dakika 15 kwa siku, kwenye mkeka. Anza kwa mikono na magoti chini: upandishe mgongo juu kama upinde, kisha ushushe, polepole, mara 10. Lala ubavu, magoti umeyakunja, mikono imenyooka mbele. Fungua mkono wa juu uende nyuma huku macho yakiufuata, magoti yabaki pamoja, mara 8 kila upande. Zoezi hili linageuza kifua, na kifua ndicho kinachohitaji kugeuka. Kisha lala chali juu ya taulo iliyoviringwa, ikipita kwa upana chini ya ncha za chini za mabega, viganja vishike kisogo, acha kifua kifunguke kwa pumzi 5. Sogeza taulo juu kidogo, rudia, mara tatu. Mgongo ukilia hapo wenyewe hakuna ubaya. Usiweke taulo chini ya kiuno kwa zoezi hili.

Halafu nguvu. Chali, magoti juu, inua makalio mpaka mapaja na kiwiliwili viwe mstari mmoja, shikilia sekunde 5, mara 10, mizunguko 3. Mikono na magoti tena, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, sekunde 8, badilisha, mara 6 kila upande. Kiuno kikiyumba, punguza sekunde. Malizia kwa goti moja chini, mguu mwingine mbele, sukuma nyonga mbele mpaka uhisi mvuto mbele ya paja la nyuma, sekunde 30 kila upande. Misuli hiyo hufupika kwa kukaa, nayo huuvuta uti wa kiuno. Maumivu kidogo ya misuli ni ya kawaida. Maumivu yanayosafiri kwenda chini zaidi mguuni ni ishara ya kuacha zoezi hilo na kupimwa.

Na tembea. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia wa watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Walioongozwa kutembea, wakilenga dakika 30 mara 5 kwa wiki, walikaa siku 208 hivi kabla maumivu hayajarudi. Wale wasioongozwa, 112. Hakuna tiba ya mezani yenye bei rahisi kuliko hiyo. Ukitembea ufukweni, chagua maji yakiwa yametoka ili upate mchanga mgumu uliolala sawa. Mchanga wa mteremko huinua mguu mmoja, na mtu mwenye kiuno kinachouma huusikia kesho yake.

Mafuta ya nazi na mchuaji mwenye mkono mzuri ni ruhusa, maadamu anachua misuli na hasukumi mfupa. Maji moto kwenye chupa iliyofungwa kanga, dakika 15 hadi 20, husaidia usiku. Mshipi wa kiuno usinunue. Shirika la Afya Duniani limeshauri usitumike kwa maumivu sugu. Vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki vya duka la dawa ni vya siku chache, baada ya kula, na si vya mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha au pumu. Anayevimeza kila siku ili aendeshe anaficha ugonjwa huku akiharibu tumbo na figo.

Maumivu mapya ya kiuno hupungua sana ndani ya wiki 6 kwa watu wengi. Ya kwako ni ya muda mrefu, jipe wiki 8 hadi 12 za mazoezi ya kweli kabla ya kuhukumu.

Kuhusu mtoto: daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wa kushoto tu, angalau mara mbili kwa siku, kwa miaka 50, na mkono wa kulia akauacha. Alipolinganisha, hakukuwa na ugonjwa wa baridi yabisi mkono wowote. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1998. Ni mtu mmoja, lakini tafiti nyingine za wanaoalisha vidole nazo hazikuonyesha kwamba huleta ugonjwa huo. Kwa vidole, mwache, ila kama vinamuuma au vinavimba mlete apimwe. Akianza kujivunja shingo, hilo mkataze, na umwonyeshe zoezi la kufungua mkono ubavuni mlifanye pamoja.